Ganzi ya mikono na miguu isiyotii: ni picha gani ya shingo inayohitajika?

Swali: "Mama yangu ana miaka 61, tunaishi Usa River. Kwa zaidi ya mwaka sasa vidole vyake vina ganzi, hawezi kufunga vifungo vya blauzi wala kuchambua mchele kama zamani, na kandambili humvuka mguuni bila yeye kujua. Alipewa vidonge vya neva, baadaye akapigwa MRI ya kiuno, wakasema ni mambo ya umri. Juzi eksirei ya shingo imeonyesha spondilosisi. Sasa daktari anataka MRI ya shingo. Je, eksirei haitoshi? CT ambayo bei yake ni nafuu haiwezi kufanya kazi hiyo? Picha ikionyesha uti umebanwa, ni lazima apasuliwe? Na je, ataruhusiwa kuingia kwenye mashine wakati ana chuma mguuni tangu alipovunjika?"

Dada, shikamoo yangu imfikie mama. Nianze na jibu lenyewe: eksirei haitoshi, CT (eksirei za mkato zinazounganishwa na kompyuta) peke yake haitoshi, na MRI ya shingo aliyoombwa ndiyo hasa inayotakiwa, tena isicheleweshwe. Ila MRI hiyo itakuwa na maana ikiwa tu daktari amempima mama kwa mikono yake na kuandika alichokiona. Ugonjwa unaoshukiwa, yaani uti wa mgongo kubanwa shingoni kwa sababu ya uchakavu wa pingili, hautambuliki kwa picha tupu wala kwa dalili tupu. Lazima vyote viwili vikubaliane, na vikubaliane kwenye usawa uleule wa shingo.

Uti ninaousema hapa si mifupa ya mgongo, ni kamba ya neva inayoteremka kutoka kwenye ubongo, nayo inapita ndani ya mfereji wa mifupa. Shingoni, uti wenyewe una unene wa karibu milimita 8 kutoka mbele kwenda nyuma, na mfereji wa mtu mzima mwenye afya una karibu milimita 17. Nafasi inayobaki imejaa maji. Umri unavyokwenda, diski zilizo kati ya pingili hukauka, hupungua kimo na kutokeza nyuma. Kingo za pingili huota miiba ya mfupa. Kano ya njano, iliyo upande wa nyuma wa mfereji, hunenepa na kujikunja kuelekea ndani. Mfereji ukishuka chini ya milimita 13 huhesabiwa kuwa mwembamba. Ukifika 10, maji karibu yamekwisha na uti unaguswa. Wako waliozaliwa na mfereji mwembamba, na hao hubanwa mapema, hata kwa uchakavu mdogo. Mahali panapoathirika zaidi ni kati ya pingili ya tano na ya sita ya shingo, ambapo ripoti huandika C5/C6, pamoja na usawa wa juu yake na wa chini yake.

Kinachoponza watu wengi ni kwamba ugonjwa huu mara nyingi hauumi. Mgonjwa hasemi "shingo inaniuma". Anasema vidole vimekuwa vizito, sarafu zinamponyoka, anakosea namba akituma pesa kwa simu, anatembea kama aliye kwenye mashua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba kutoka dalili ya kwanza hadi ugonjwa kutambuliwa ulipita wastani wa zaidi ya miaka miwili. Katika muda huo wagonjwa hutibiwa ganzi ya kiganja, kisukari, "neva", au kiuno.

MRI ya kiuno aliyopigwa mama ni mfano wa njia hiyo ndefu. Miguu ikilegea, watu hutazama kiuno. Lakini uti wenyewe unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo ni mishipa ya fahamu tu. Mishipa ya kiuno ikibanwa, mguu hulegea na goti likigongwa kwa nyundo ya daktari haliruki au huruka kidogo. Uti ukibanwa juu, mguu hukakamaa na goti huruka kupita kiasi. Kwa hiyo goti linaloruka sana kwa mtu anayeyumba ni sababu tosha ya kupanda juu na kutazama shingo, hata kama kiuno nacho kimechakaa.

Kabla ya MRI, mwombeni daktari afanye na kuandika vipimo hivi, havihitaji mashine. Mama afumbe ngumi na kuikunjua haraka awezavyo kwa sekunde 10. Mtu mwenye afya hufikisha mara 20 au zaidi. Akiishia 11 au 12, na kidole cha mwisho na cha pete vikichelewa kunyooka, shaka ya uti inapanda. Daktari abonyeze ukucha wa kidole cha kati na kuuachia ghafla: dole gumba likijikunja lenyewe, hiyo ni ishara nyingine. Nyayo zikwaruzwe kuona kama dole gumba la mguu linapanda juu. Atembee kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, kwenye mstari mmoja. Asimame miguu pamoja, macho yamefumbwa, na mtu karibu wa kumdaka. Pia aulizwe, kwa faragha, kama mkojo unamwahi kabla hajafika chooni au unakataa kuanza. Wazee wetu wengi hawalitaji hilo mpaka waulizwe.

Kwa nini ninasisitiza upimaji huu? Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa Japani uliopiga MRI za shingo kwa watu 1,211 wasio na dalili yoyote. Karibu asilimia 88 walikuwa na diski iliyotokeza, na asilimia 5.3 walionekana uti wao umebanwa. Hao walikuwa wanatembea vizuri na kufunga vifungo vyao. Ukimpiga picha mtu yeyote wa miaka 61 utakuta kitu. Kazi ni kujua kama hicho kitu ndicho kinachomnyima mama vidole vyake.

Eksirei inaona nini

Eksirei haioni uti. Inaona mifupa na nafasi kati ya mifupa. Neno spondilosisi kwenye majibu lina maana ya uchakavu wa pingili za shingo, na kwa umri wa mama karibu kila mtu atakuwa nao. Peke yake si ugonjwa wa uti.

Hata hivyo msiitupe, maana ina kazi tatu. Kwanza, inaonyesha shingo ikiwa imebeba kichwa, mtu amesimama au ameketi, jambo ambalo MRI ya kulala haionyeshi. Daktari wa upasuaji anataka kujua kama mkunjo wa kawaida wa shingo upo, umenyooka au umepinda kwenda mbele. Pili, picha mbili za ubavu, moja akiinama na nyingine akiinua uso, zinaonyesha pingili inayoteleza. Pingili ikisogea zaidi ya milimita 3.5 juu ya mwenzake, au pembe ikizidi nyuzi 11 kulinganisha na pingili jirani, shingo haijatulia. Picha hizo mgonjwa ainame mwenyewe hadi anapoweza. Mtu asimsukume kichwa. Tatu, eksirei inaweza kufichua jambo jingine kabisa: pingili iliyoliwa na kifua kikuu, uvimbe, au mifupa iliyo myeupe na mizito kupita kawaida, ambayo nitaigusa chini.

Kosa la kawaida kwenye eksirei ya ubavu ni mabega kuficha pingili ya saba. Ikiwa picha ya mama inaishia pingili ya sita, haijakamilika. Fundi wa mionzi humwambia mgonjwa ashushe mabega, au humpa vitu vizito kidogo kushika mikono yote miwili. Ikishindikana, hupiga picha mkono mmoja ukiwa umeinuliwa juu ya kichwa. Mashine ikae karibu mita 1.8 kutoka kwenye bamba la picha, la sivyo mifupa hukuzwa na vipimo vya mfereji hudanganya.

MRI: omba iliyo kamili

MRI haitumii mionzi, inatumia sumaku. Kwenye picha zinazoitwa T2 maji huonekana meupe, uti wa kijivu, diski iliyokauka na mfupa wa nje vyeusi. Kwa hiyo unaona wazi mstari mweupe wa maji mbele na nyuma ya uti, na mahali mstari huo unapokatika ndipo penye shida. Picha za T1 zinaonyesha umbo la pingili na mafuta ya ndani ya mfupa, nazo zina neno muhimu kuhusu kupona, kama tutakavyoona.

Fomu ya maombi ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Fomu inayosema "maumivu ya shingo" italeta picha ya haraka na ripoti ya haraka. Mwombeni daktari aandike kitu kama hiki: "Mwanamke, miaka 61, mikono imepoteza wepesi, anayumba, magoti yanaruka kupita kiasi, ngumi 12 kwa sekunde 10. Je, uti umebanwa shingoni? Usawa gani, kutoka mbele au nyuma, na je, uti wenyewe umebadilika rangi?" Mtaalamu wa mionzi akijua anachotafuta, atapanga picha zake kulingana na hicho.

Kipimo kamili kina picha za ubavu za T1 na T2, kila kipande kisizidi milimita 3 za unene, kuanzia chini ya fuvu hadi pingili za juu za kifua. Kisha picha za mkato, yaani shingo ikikatwa vipande kama mkate, kwenye kila diski kuanzia C2/C3 hadi C7/T1 (T1 hapa ni pingili ya kwanza ya kifua, siyo aina ya picha), nazo zikiwa za milimita 3 hivi. Msikubali picha za ubavu tupu. Diski inayotokeza upande mmoja inaweza kupita kati ya vipande vya ubavu bila kuonekana vizuri, na ni picha ya mkato inayoonyesha kama uti bado ni duara lililobanjika kidogo au umekuwa bapa. Pia ombeni picha moja ya T2 ya ubavu ya mgongo mzima. Inaongeza dakika chache tu, na inasaidia mambo mawili: kuhesabu pingili kwa uhakika kuanzia juu, na kukamata tatizo lililojificha kifuani, ambako uti pia unaweza kubanwa na kulegeza miguu.

Uliza nguvu ya mashine kabla ya kulipa. Mashine ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) inafaa sana kwa kazi hii. Zile za wazi zenye nguvu ndogo, kati ya 0.2 na 0.4, zitaonyesha mfereji uliobanwa sana, na kwa mtu anayeogopa kufungiwa zinasaidia. Tatizo lake ni kwamba mabadiliko madogo ndani ya uti yanaweza kupotea, na picha huchukua muda mrefu hivyo mgonjwa hujitikisa. Ikiwa MRI ya mashine ndogo imesema "uti hauna shida" huku mikono ya mama inazidi kuwa mizito, majibu hayo hayajafunga shauri.

Yapo mambo yanayoharibu picha hata kwenye mashine nzuri. La kwanza ni kumeza mate. Koo liko mbele ya pingili, na kila linapopanda na kushuka hutupa ukungu juu ya uti. Fundi mzuri huweka ukanda wa kuzima mawimbi mbele ya shingo na humwambia mgonjwa ameze mate kelele zinaponyamaza. La pili ni mstari mweupe mwembamba unaotokea katikati ya uti kwa sababu ya namna kompyuta inavyounda picha. Mtu asiye makini anaweza kuuita tundu la maji ndani ya uti. Ukiwa wa kweli, utaonekana pia kwenye picha za mkato. La tatu ni aina ya picha za mkato zinazopigwa haraka, ambazo hukuza mfupa na kuufanya mfereji uonekane mwembamba kuliko ulivyo. Mtaalamu wa mionzi anazijua na hulinganisha na T2 ya kawaida kabla ya kutamka kwamba kubanwa ni kukali.

Na kumbukeni kwamba mgonjwa amelala chali, shingo imetulia. Akiinua uso juu, kano ya nyuma hujikunja ndani na mfereji hupungua zaidi. Mtu ambaye picha yake inaonyesha kubanwa kwa wastani anaweza kuwa anabanwa vibaya kila anapotazama juu kutundika nguo kwenye kamba.

Dawa ya kung'arisha picha, ile inayochomwa mshipani, haihitajiki kwa uchakavu wa kawaida. Inaongezwa kukiwa na shaka ya kifua kikuu cha mgongo, uvimbe, au uti uliowaka bila kubanwa. Ikipangwa, figo zipimwe kwanza. Kuna mtego hapa ambao umewapotosha hata wazoefu: uti uliobanwa kwa uchakavu wakati mwingine hung'aa baada ya dawa hiyo, kwa mkanda mfupi unaokatiza uti kwenye usawa wa kubanwa au chini yake kidogo. Mkanda huo umewahi kuitwa uvimbe, na watu wakapewa matibabu yasiyo yao. Ukikaa jirani kabisa na mahali palipobanwa zaidi, fikra ya kwanza iwe kubanwa.

CT, na suala la maji yetu

CT inaona mfupa vizuri kuliko kipimo chochote, lakini uti na diski laini inaviona hafifu. Kwa hiyo CT isiyo na dawa haiwezi kuchukua nafasi ya MRI kujibu swali la mama. Ukipiga CT kwa sababu ya unafuu, uwezekano ni mkubwa kwamba utalipa mara mbili.

Kwa wakazi wa miteremko ya Mlima Meru, hata hivyo, CT ina nafasi maalumu. Maji ya mito na visima kadhaa kuanzia Usa River, Maji ya Chai, Ngurdoto na kuendelea yana floraidi nyingi, kwa sehemu nyingine mara kadhaa zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linaiweka kama kikomo. Wote tunayajua meno ya kahawia. Kisichojulikana sana ni kwamba kwa miaka mingi floraidi hiyohiyo inaingia kwenye mifupa, inaifanya mizito, na inageuza kano kuwa mfupa. Kano mojawapo ni ile inayoteremka nyuma ya miili ya pingili, mbele kabisa ya uti. Ikigeuka mfupa, inaujaza mfereji kidogokidogo kutoka mbele. Wapikaji wanaolainisha maharage au makande kwa magadi huongeza floraidi juu ya ile ya maji.

Kwenye MRI, kano iliyogeuka mfupa ni nyeusi, na diski iliyokauka nayo ni nyeusi. Msomaji wa picha anaweza kuandika "diski nyingi zimetokeza" ilhali mbele yake kuna fimbo ya mfupa yenye urefu wa pingili tatu. Tofauti hiyo inabadilisha upasuaji mzima: mfupa huo unaweza kuwa umeshikamana na ngozi inayofunika uti, na kuubandua kutoka mbele kuna hatari ya kupasua ngozi hiyo na maji kuvuja. Kwa hiyo, ikiwa mama amekulia maeneo hayo, ana meno ya kahawia, mgongo mgumu usiopinda, na eksirei yake inaonyesha mifupa myeupe kupita kawaida, CT ya shingo baada ya MRI ni fedha iliyotumika vizuri. Eksirei ya mkono kati ya kiwiko na kifundo husaidia pia: utando ulio kati ya mifupa miwili ya hapo ukiwa umeota mfupa, floraidi inakuwa mshukiwa mkuu.

Kwa kano iliyogeuka mfupa, madaktari wa upasuaji hupiga mstari kwenye picha ya ubavu, kutoka katikati ya mfereji usawa wa pingili ya pili hadi katikati yake usawa wa pingili ya saba. Mfupa ukivuka mstari huo kwenda nyuma, kufungua mfereji kwa nyuma peke yake mara nyingi hakuuokoi uti, kwa sababu hauwezi kurudi nyuma ukaachana na mfupa.

Kwa mgonjwa asiyeweza kuingia kwenye MRI, kwa mfano mwenye kifaa cha moyo kisichoruhusiwa, ipo CT baada ya dawa kuingizwa kwenye maji ya uti kwa sindano ya mgongoni. Inaonyesha uti kama kivuli ndani ya maji meupe na inapima kubanwa vizuri, ila haionyeshi madhara ndani ya uti.

Ripoti ikitoka

Tafuta mambo manne: usawa, chanzo, kiwango, na rangi ya uti. "C5/C6, diski na miiba kutoka mbele, pamoja na kano ya nyuma iliyonenepa" ni jibu. "Mabadiliko ya uchakavu shingoni" si jibu, na mna haki ya kurudi kuuliza.

Kiwango mara nyingi hupewa namba kuanzia 0 hadi 3. Moja ni maji yamepungua kwa zaidi ya nusu ila uti haujaguswa umbo. Mbili ni uti umebadilika umbo. Tatu ni uti umebadilika na rangi pia. Rangi inayosemwa ni weupe ndani ya uti kwenye T2. Weupe hafifu wenye kingo zisizo wazi unaweza kuwa uvimbe wa maji ambao bado unaweza kurudi nyuma. Weupe mkali wenye kingo zilizochongeka, hasa ukiambatana na weusi mahali hapohapo kwenye T1, ni dalili kwamba sehemu ya uti imekwisha kufa, na matumaini ya kupona yanapungua. Hiyo haina maana ya kukata tamaa. Ina maana kwamba kinachogombaniwa sasa ni kile kilichobaki.

Je, picha ikipingana na mwili? Kubanwa kidogo usawa mmoja hakuelezi mtu asiyeweza kusimama. Weupe mrefu wa sehemu ya nyuma ya uti, pande zote mbili sawasawa, ukipita pingili kadhaa bila kitu kinachobana, unaelekeza kwenye upungufu wa vitamini B12. Wanaotumia metformini kwa miaka mingi wako katika hatari hiyo. Virusi vya Ukimwi navyo vinaweza kuharibu uti. Misuli inayokonda na kuchezacheza, hadi ulimi, bila ganzi yoyote, ni ugonjwa mwingine, na kumpasua shingo mtu huyo hakumsaidii. Kipimo cha B12, VVU na sukari vifanyike sambamba na MRI, wala visiisubiri.

Kuhusu upasuaji: daktari humpa mgonjwa alama kati ya 18, akitazama mikono, miguu, ganzi na mkojo. Alama 15 hadi 17 ni hali nyepesi, 12 hadi 14 ya wastani, 11 kushuka ni kali. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 unapendekeza upasuaji kwa hali ya wastani na kali. Kwa hali nyepesi, inaweza kuwa upasuaji au mazoezi ya fiziotherapia chini ya uangalizi, na apasuliwe asipopata nafuu au akizidiwa. Aliyebanwa kwenye picha lakini hana dalili hapasuliwi kwa tahadhari tu. Anaelezwa dalili za kuangalia na kufuatiliwa. Kwa maelezo yako, mtu ambaye kandambili inamvuka bila kujua na hawezi vifungo huenda asiwe kwenye kundi jepesi. Lengo la kwanza la upasuaji ni kusimamisha kuporomoka. Wengi hupata nafuu, lakini wanaopasuliwa mapema hupata zaidi. Na ule weupe unaweza kubaki kwenye picha hata mgonjwa akipona vizuri. Atakayepimwa baadaye ni mikono na mwendo wake.

Wakati mnasubiri, asibebe ndoo wala mkungu kichwani, na mtu yeyote asimvunje shingo, iwe saluni au kwa mkandaji. Bodaboda zipumzishwe. Akihitaji usingizi kwa upasuaji wa kitu kingine chochote, daktari wa usingizi aambiwe kuhusu shingo kabla hajainua kidevu chake kuingiza mpira wa hewa. Nguvu zikishuka ndani ya siku chache, mkojo ukifunga, au kukiwa na homa na kukonda, msisubiri tarehe ya kipimo: nendeni hospitali siku hiyohiyo.

Siku ya kipimo

Chuma cha mguuni, kikiwa bamba, skrubu au fimbo iliyokaa ndani ya mfupa kwa miaka mingi, kwa kawaida hakizuii MRI ya shingo. Kimeshikwa na mfupa na kiko mbali na eneo linalopigwa picha. Aliye zamu lazima aambiwe, na mchukue karatasi ya upasuaji ule, au walau eksirei ya mguu. Mguu ukihisi joto, mama abonyeze kengele atakayopewa mkononi. Wanaokataliwa au kuchunguzwa kwanza ni wenye kifaa cha moyo, klipu za zamani za mishipa ya ubongo, au chembe ya chuma jichoni. Ndiyo maana mafundi wa kuchomelea huulizwa na kupigwa eksirei ya macho.

Kichwani ndiko kunakosahaulika. Rasta zenye nyuzi za kumetameta, klipu za wigi, na pini za hijabu, hasa zile za sumaku, viachwe nyumbani. Mama asukwe kawaida au afumue kabisa, maana fundo kubwa la nywele kisogoni humfanya ashindwe kulala shingo ikiwa sawa. Mto uwekwe chini ya magoti. Kipimo huchukua dakika 20 hadi 40, kina kelele, na ataziba masikio. Kama miguu inamkakamaa na kuruka usiku, amwambie daktari mapema ili apewe dawa ya kulegeza. Picha iliyotikisika haisomeki kwa bidii ya mtu yeyote.

Kabla ya kupanda gari piga simu uulize kama mashine inafanya kazi, ina nguvu kiasi gani, bei inajumuisha ripoti ya mtaalamu wa mionzi au la, na bima yenu inahitaji kibali kabla. Ondokeni na picha zote kwenye sidii au flashi, siyo ripoti tupu wala filamu mbili zilizochaguliwa. Daktari wa upasuaji hutaka kupitisha vipande vyote mwenyewe. Rufaa kutoka hospitali ya Mount Meru, Arusha, huelekea hospitali ya KCMC, Moshi, na baadhi ya wagonjwa hupelekwa hadi MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Popote mtakapopelekwa, mbebe pia ile MRI ya kiuno. Wenye mfereji mwembamba shingoni mara nyingi wanao na kiunoni, na daktari atahitaji picha zote mbili kuamua paanziwe wapi. Uti wa shingo ukiwa umebanwa na dalili zipo, kwa kawaida shingo ndiyo huanza.